Ukimkuta nesi anakunywa uji, usinune

Umefika zahanati saa 5 asubuhi, mtoto yuko mgongoni ana homa, na nesi unamkuta amekaa pembeni ya dirisha anakunywa uji. Najua unachowaza. Wapo wasioishia kuwaza, husema kwa sauti ili asikie: "Sisi tunaumwa, wao wanakula." Mtoto akiwa na degedege, akishindwa kupumua au akiwa amelegea, ingia umwite hapo hapo, uji utasubiri. Kama sivyo, nakuomba uvumilie dakika 15 hizo, na ikiwezekana umtetee mbele ya wenzako walio kwenye benchi. Kwa baadhi ya wauguzi uji huo ni sehemu ya matibabu yao, na asipoupata kwa wakati, huenda saa 9 usiku ukamhitaji naye hawezi kusimama.

Nazungumzia wauguzi waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Miaka ya nyuma tulizoea kusikia habari hizi kwa watu waliokwenda India au Afrika Kusini. Sasa Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inaweka puto tumboni kwa watu wenye uzito uliopitiliza, na upasuaji wenyewe nao unafanyika Dar es Salaam. Wanaohudumiwa si wenye fedha za mchezo tu. Wamo walimu, wafanyabiashara wa soko, na wamo wauguzi, ambao kazi yao yenyewe inachangia kuwanenepesha. Tafiti za wafanyakazi wa zamu zimehusisha kukesha kazini na kuongezeka uzito pamoja na kisukari. Mtu anakula chapati na soda saa 8 usiku, wakati mwili wake unataka kulala, kisha analala mchana kwa vipande vipande huku watoto wakigonga mlango. Miaka 10 ya maisha hayo huonekana kiunoni.

Upasuaji huu haufanyiwi mtu aliyeongezeka kilo tano za sikukuu. Madaktari huangalia uwiano wa uzito na urefu: kilo zako, gawanya kwa urefu wa mita uliouzidisha kwa wenyewe. Kwa miaka mingi kigezo kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye kisukari, presha au maradhi mengine yanayotokana na unene, na mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari hao duniani vilipendekeza 35 peke yake itoshe. Mwanamke wa sentimita 160 anafika 35 akiwa na kilo 90. Kibiti, Bungu na Ikwiriri utawakuta wengi, na baadhi yao wamevaa sare nyeupe.

Aina za huduma zinachanganywa sana barazani. Puto si upasuaji. Linaingizwa kwa mpira kupitia mdomoni, linajazwa maji, linakaa miezi 6 au 12 kisha linatolewa. Siku za kwanza mtu hutapika na kuumwa tumbo. Upasuaji unaofanywa zaidi duniani ni ule wa kuondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na kinachobaki hufanana na ndizi nyembamba. Mwanzoni huingia mililita 100 hadi 150 tu, kama nusu ya kikombe cha chai. Upo pia ule wa kutenga kijifuko kidogo kama yai na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya njia yake ya kawaida.

Kila aliyefanyiwa upasuaji huuliza swali moja: "Narudi lini kazini?" Majibu yapo na hayatofautiani sana. Kazi ya kukaa mezani, wiki 2 hadi 3. Kazi ya kunyanyua na kusukuma, wiki 4 hadi 6, na nesi anayegeuza wagonjwa kitandani yuko kundi hili la pili. Mimi naona swali hilo limekaa vibaya. Linapima kidonda, na kidonda ndicho kitu rahisi katika habari hii yote, kwa kuwa matundu ya upasuaji wa siku hizi ni madogo na hufunga mapema. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: nikirudi, nitakula saa ngapi na nitakunywa maji saa ngapi?

Fanya hesabu pamoja nami. Anahitaji lita 1.5 hadi 2 za maji kwa siku. Zamani alimaliza chupa kwa mikupuo mitatu. Sasa anafonza kidogo kidogo, maana akigugumia atatapika. Maji na chakula havikai pamoja: akishakula inabidi asubiri kama nusu saa ndipo anywe. Anahitaji gramu 60 au zaidi za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kinakaribia 20. Kwa tumbo la nusu kikombe hawezi kuvila vyote kwa mlo mmoja akamaliza kazi. Lazima ale mara 5 au 6, kidogo, polepole, kwa kutafuna hadi chakula kilainike, dakika 20 au 30 kila mara. Akimeza haraka kwa sababu kuna mtu anagonga mlango, chakula kinakwama kifuani, anaumia, anatapika. Akiamua kuruka mlo ili asigombane na watu, jioni anatetemeka.

Sasa mchukue mtu huyo umpeleke delta.

Ukitoka Bungu unashika barabara ya vumbi hadi Nyamisati, na kutoka hapo ni boti. Kata za Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni zimekaa katikati ya mikoko na vijito, na saa za safari hupangwa na bahari. Maji yakikupwa, boti hukaa juu ya matope hadi yajae tena. Zahanati za huko hazina zamu kama tunavyoielewa Muhimbili au Tumbi, ambako mtu huingia saa 2 usiku, akatoka saa 2 asubuhi, akamkabidhi mwenzake. Nesi anaishi nyumba ya watumishi hatua chache kutoka kazini. Mchana ana kliniki ya mama na mtoto, usiku anapigiwa hodi. Mwenzake akienda Kibiti kufuata dawa au semina, anabaki peke yake siku mbili, tatu. Katika baadhi ya vijiji maji ya kisima yana ladha ya chumvi, kwa hiyo hata hiyo lita moja na nusu inabidi iwekwe akiba kwenye ndoo mapema.

Mama mwenye uchungu wa mimba ya kwanza anaweza kumshika nesi huyo saa 12 au zaidi. Anapima mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, anainama, anasimama, anatuliza ndugu walioko nje. Hajanywa chochote tangu magharibi. Kama bado anatumia dawa za presha kwa kipimo cha zamani, wakati uzito umeshashuka kilo 20 na presha nayo imeshuka, akisimama ghafla anaona giza. Kama alikuwa na kisukari na bado anameza vidonge vile vile, sukari inaanguka. Hapo ndipo suala la tumbo la mtu binafsi linapokuwa suala lako wewe, binti yako na mjukuu anayezaliwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ratiba ya kazi iandikwe pamoja na mpango wa upasuaji, kabla ya upasuaji, na mtu asiyehakikishiwa nafasi ya kula na kunywa asipangiwe kukesha peke yake katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kurudi. Siombi apendelewe. Miwani ya mwenye macho mabovu hatuiiti upendeleo.

Sheria iko upande wake, ingawa ina mwanya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya angalau dakika 60, na kwamba siku ya kazi isizidi saa 12 hata ukijumlisha muda wa ziada. Kisha inaongeza kuwa mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi wakati wa mapumziko pale tu ambapo kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mtu, au haiwezi kufanywa na mwingine. Soma tena maneno hayo ukiwa umekaa Mbuchi. Kilichoandikwa kama jambo la nadra, huko ndiyo hali ya kila siku. Ndiyo maana nasema tusimwachie nesi abebe sheria mkononi na kubishana na mganga mfawidhi wake, ambaye naye pengine hajala.

Ugonjwa nao una siku zake: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mtumishi wa umma ana kanuni zake pia, hivyo aanzie kwa ofisa utumishi wa halmashauri. Akiunganisha likizo na mapumziko ya ugonjwa, wiki 6 zinapatikana bila kumwomba mtu msamaha. Na achague majira. Kufanyiwa upasuaji Machi ili urudi delta katikati ya masika si busara. Mafuriko ya Aprili 2024 yalituonyesha Rufiji na Kibiti zinavyoweza kukatika.

Najua utakaponipinga, na una hoja. Utasema: zahanati yetu ina watu wawili, mmoja akipewa miezi mitatu ya masharti nani atatuzalishia? Sina muujiza wa kukupa. Watumishi ni wachache na safu ya gazeti haitawaongeza. Lakini ipo njia ambayo haihitaji ajira mpya, nayo ni kubadilishana vituo. Nesi wa delta akae miezi mitatu kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako wako wengi na mtu anaweza kushika zamu ya asubuhi, kisha ya jioni, ndipo ya usiku. Mwenzake wa huko aende delta kwa muda huo, akijua tarehe ya kurudi. Mganga mkuu wa wilaya akiambiwa miezi mitatu kabla, hilo linapangika. Akiambiwa kwa simu siku ya upasuaji, atakasirika, na nitamwelewa.

Shida ni kwamba wengi hawasemi. Wanaomba ruhusa ya "matatizo ya kifamilia", wanakwenda Dar es Salaam, wanarudi wiki ya tatu wamevaa kanga juu ya sare kuficha nguo zinavyopwaya. Wanaogopa nini? Wanatuogopa sisi. Mtu akipungua kilo 15 kwa miezi miwili, mtaani hapaulizwi upasuaji. Panaulizwa ule ugonjwa, tena kwa kunong'ona, tena kuhusu nesi ambaye ndiye anayewapima wengine. Nimewahi kusikia watu wakisema hawataki kuchomwa sindano na "yule anayekauka". Ni ujinga wa pande mbili: mwenye virusi anayetumia dawa vizuri anafanya kazi ya uuguzi kama kawaida, na aliyepungua hana deni la kukueleza amepunguaje. Nesi naye ana haki ya siri ya ugonjwa wake. Ila kuna watu wawili inabidi awaambie, mkuu wake wa kazi na mwenzake mmoja anayeshinda naye, ili akianguka kuwe na mtu anayejua la kufanya na la kumweleza daktari.

Wewe mzazi wa nesi, nina neno na wewe, hasa mama. Binti amerudi nyumbani Kibiti kuuguza kidonda, umempikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, anakula vijiko vinne anasukuma sahani. Unalia. Unamwambia amekwisha. Nakuomba usimlazimishe. Wiki mbili za kwanza ni vinywaji na supu nyepesi, kisha vyakula vilivyopondwa, na kurudi kwenye chakula cha kawaida huchukua wiki 6 hadi 8. Mapenzi yako yahamishie kwenye vibakuli. Muda wake ukifika, mfungashie samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba, yai, dagaa waliopondwa, maharage laini, maziwa mgando. Kamba wa delta ni protini safi, mradi awatafune hadi waishe mdomoni. Chai ya sukari nyingi, soda na maandazi aviache: sukari ikishuka kwenye utumbo kwa kasi, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota na kuharisha, jambo linalowapata zaidi walioungiwa utumbo. Soda humtesa pia kwa gesi yake. Baba naye asitumie maneno ya "kazi ni kuvumilia". Uvumilivu ndio unaowamaliza hawa.

Na Ramadhani. Watu wa delta na Kibiti wengi ni Waislamu, kwa hiyo hili halikwepeki. Mtu anayehitaji kunywa kidogo kidogo kutwa nzima hawezi kufunga saa 13 na zaidi bila hatari katika miezi ya mwanzo, na madaktari wengi humshauri asifunge mwaka wa kwanza. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa baadaye. Sasa akimwona mtu akinywa maji mchana wa mfungo ndani ya chumba cha dawa, nani atamuuliza kabla ya kumsengenya? Shehe wa msikiti akilisema hili mara moja katika hotuba, bila kumtaja mtu, litasaidia kuliko barua kumi za halmashauri.

Mengine nayataja kwa haraka kwa sababu yanasahaulika. Vitamini na madini, hasa B12, madini ya chuma na kalsiamu, ni za maisha yote kwa waliopasuliwa, na damu ipimwe mara kwa mara mwaka wa kwanza kisha kila mwaka. Ukanda wetu una malaria, na anayeishiwa damu kwa mambo mawili kwa pamoja huchoka haraka. Mimba icheleweshwe miezi 12 hadi 18. Uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri kwa aliyeungiwa utumbo, hivyo achague sindano, kipandikizi au kitanzi. Diclofenac na ibuprofen, dawa ambazo wauguzi humeza kama pipi baada ya zamu kwa ajili ya mgongo, zinaweza kumletea vidonda kwenye maungio ya utumbo, bora paracetamol. Nywele kukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni kawaida na kwa kawaida hurudi. Dawa za presha na kisukari zipimwe upya kabla ya siku ya kwanza ya kazi, si baada ya kuzimia.

Ukiwa mlinzi wa usiku, dereva wa lori la Lindi au mvuvi wa kamba unayefikiria upasuaji huu, badilisha tu jina la kazi katika makala hii. Hesabu ya maji na chakula haibadiliki.

Kuna dalili ambazo nesi, mumewe au mzazi wake hapaswi kuzijadili hadi kesho. Wiki za kwanza: moyo kwenda mbio akiwa amekaa, homa, maumivu makali ya tumbo au yanayopanda begani, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hizo zinaweza kuwa mshono unaovuja au damu iliyoganda. Wakati wowote baadaye: kutapika siku kadhaa mfululizo, na zaidi kukifuatiwa na miguu kulegea, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa, maana vitamini B1 imekwisha mwilini na ubongo unaumia. Apewe sindano ya B1 kabla ya dripu ya glukosi, na mwambieni mhudumu kwamba mgonjwa alipunguzwa tumbo, mkitaja aina ya upasuaji na hospitali. Aliye delta asisubiri kuona kama kutatulia. Piga simu kituoni, uliza maji yanajaa saa ngapi, tafuta nahodha mapema, na gari la Nyamisati liambiwe lianze kuja kabla boti haijang'oa nanga.